Vyandarua vya Kilombero na Kipimo cha Mauzo

Mfanyabiashara atakaye kujua kama bidhaa yake imepokewa sokoni huhesabu kwanza fedha zilizoingia. Hesabu hiyo ni nyepesi, na kwa habari ya fedha haidanganyi. Lakini zipo bidhaa ambazo kununuliwa kwake si mwisho wa safari.

Mnamo mwaka 1997 watafiti wa Ifakara, mkoani Morogoro, walianza kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Havikugawiwa bure, bali viliuzwa kama iuzwavyo sabuni. Vilipewa chapa ya "Zuia Mbu", vikatangazwa na kusambazwa kwa wenye maduka na mawakala wa vijijini. Na wajawazito pamoja na mama wenye watoto wadogo wakapewa hati za kupunguziwa bei. Bonde hilo lina mbu wengi mno, na malaria ilikuwa ikiwaua watoto.

Je, kazi kama hiyo ipimwe kwa lipi? Idadi ya vyandarua vilivyouzwa yamfaa mtunza ghala. Ichukuliwe kwamba katika kijiji chenye kaya 500 vimeuzwa vyandarua 400. Mtu aweza kudhani kwamba asilimia 80 ya kaya zimekingwa. Kumbe kaya 150 zimenunua viwili viwili, na kaya 100 kimoja kimoja. Zilizofikiwa ni 250, yaani nusu tu. Tena huenda chandarua kimetundikwa juu ya kitanda cha baba, ilhali mtoto yuko mkekani. Isitoshe, dawa ya wakati ule ilififia kwa kufuliwa, na chandarua kilihitaji kuchovywa tena. Aliyenunua chandarua hakurudi dukani kila mara kununua dawa.

Kwa hiyo watafiti walikwenda kwa watoto wenyewe, wa umri usiofikia miaka 2, wakawapima damu. Ndani ya miaka mitatu watoto wachanga waliotumia vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Kati ya 1997 na 1999, watoto wenye upungufu wa damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi 26.

Hata hivyo damu yaweza kuongezeka kwa sababu nyingine, kama vile mavuno mema au tiba bora zaidi. Ndiyo maana ilibidi watoto wenye vyandarua walinganishwe na wasio navyo. Na hata hapo ni lazima kuuliza kama wanunuzi hawakuwa wenye uwezo zaidi tangu awali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 ulihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Hicho ndicho kipimo kilicho karibu kabisa na lengo, nacho ni ghali: huhitaji miaka na maelfu ya nyumba za kutembelewa, ilhali daftari la duka hufungwa kila mwezi. Mwenye kuongoza mauzo hawezi kungoja kiasi hicho ndipo ajue kwamba wakala fulani ameishiwa na mali.

Siku hizi vyandarua hutiwa kiwandani dawa idumuyo kwa miaka, na hesabu ya pakiti za dawa imekoma kuwa na maana. Wapimaji hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni nani aliyelala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia siku hiyo.