Vinara wa Vitabu vya Picha: Rekodi za Uingereza Zinazopita Pwani Yetu

Michenzani imezoea makubwa. Majumba yake marefu, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, anayajua kila aliyewahi kukanyaga Ng'ambo, na tangu 2014 mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi umesimama kwenye mzunguko wa barabara. Watoto wa hapa wakibishana kuhusu kirefu kuliko vyote, ushahidi uko dirishani. Leo tunawaletea ubishi mwingine: nani vinara katika kuchora vitabu vya watoto? Waingereza wamejijengea jina kubwa kwenye kazi hiyo, lakini ukizifuata rekodi zake moja baada ya nyingine, utashangaa ni mara ngapi zinapita Unguja, Dar es Salaam na Kenya.

Kalamu iliyodumu: Quentin Blake

Alizaliwa Sidcup, Kent, tarehe 16 Desemba 1932. Jarida la Punch lilichapisha mchoro wake akiwa na miaka 16, bado yuko skuli, na tangu hapo amechora kwa zaidi ya miaka 70. Vitabu vyenye mkono wake vimepita 300. Chuo kikuu cha Cambridge alisomea fasihi ya Kiingereza, si sanaa. Hata hivyo alikuja kufundisha uchoraji Royal College of Art, London, kuanzia 1965 hadi 1988. Kitabu chake Mister Magnolia kilimpatia Medali ya Kate Greenaway ya 1980. Mwaka 1999 akawa mtu wa kwanza kushika cheo cha Children's Laureate, yaani balozi wa vitabu vya watoto nchini Uingereza, na 2002 akatunukiwa Tuzo ya Hans Christian Andersen, heshima ya juu kabisa ya kimataifa katika fani hiyo.

Mistari yake huonekana kama ya mtu aliyekuwa na haraka. Usidanganyike. Kwanza hutengeneza rasimu, akailaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akaifunika kwa karatasi safi, kisha akachora upya kwa wino huku rasimu ikimwongoza kwa mbali. Hafuatishi mstari kwa mstari. Uchangamfu ule unaouona umepikwa mara mbili.

Kifurushi cha ajabu kuliko vyote

Mwandishi aliyefanya kazi na Blake hadi majina yao yakawa hayatajwi mbalimbali ni Roald Dahl. Kijana huyu, mwenye urefu wa karibu mita 2, alifika Dar es Salaam 1938 akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell. Alijifunza Kiswahili huko, na vita vilipoanza alikwenda Nairobi, Novemba 1939, kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Miaka 40 hivi baadaye, kitabu cha kwanza walichoshirikiana na Blake, The Enormous Crocodile cha 1978, kilimhusu mamba mlafi wa mto wa Afrika.

Kisha likaja jitu jema la The BFG, kitabu cha 1982. Wawili hao walishindwa kuamua jitu livae nini miguuni. Siku moja Blake akapokea kifurushi kwa posta, na ndani mlikuwa na sendo moja kuukuu. Ilikuwa ya Dahl mwenyewe, na ndiyo unayoiona mpaka leo kwenye miguu ya jitu lile.

Muda mfupi, kizazi kirefu: Edward Saidi Tingatinga

Mwaka uleule wa 1932 aliozaliwa Blake, Tunduru ilimpata Edward Saidi Tingatinga. Huyu hakupata miaka 70 ya kuchora. Alipata kama minne tu. Alianza Dar es Salaam 1968, kwa rangi za baiskeli na vipande vya silingibodi, maana ndivyo vilivyopatikana kwa bei anayoimudu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Jamaa na wanafunzi wake wakaendelea, na leo huwezi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe bila kukutana na ndege na twiga wa mtindo wake.

Mtindo huo uliingia pia kwenye vitabu vya watoto. John Kilaka, aliyezaliwa 1966 na kukulia Rukwa, aliujifunza Dar es Salaam, kisha akawavalisha wanyama wake nguo na kuwapa mitumbwi, baiskeli na masoko. Hadithi yake ya Sokwe mvuvi na Mbwa mwizi wa samaki ilitoka kwa Kiingereza nchini Canada 2005, kwa jina la Fresh Fish.

Kiswahili kwenye medali yenye jina la Mwingereza

Randolph Caldecott wa Chester alikuwa karani wa benki kabla hajageuka mchoraji. Alifariki Florida 1886, akiwa na miaka 39. Wamarekani wakaipa jina lake medali ya kitabu bora cha picha cha mwaka, inayotolewa tangu 1938. Sasa sikiliza: mwaka 1972 miongoni mwa vitabu vilivyopewa heshima ya Caldecott kilikuwamo Moja Means One, kinachohesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili. Mwandishi wake, Muriel Feelings, alikuwa amefundisha Uganda. Mchoraji, Tom Feelings wa Brooklyn, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Mwaka 1975 wakairudia kwa Jambo Means Hello, kitabu cha herufi 24, kwa kuwa Q na X Kiswahili hakina kazi nazo.

Kikapu kilichoibiwa mara nyingi zaidi

Mwaka 1994 mchoraji Mwingereza Eileen Browne alitoa Handa's Surprise, hadithi ya binti wa Kijaluo, Kenya, anayempelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kichwani: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, embe mafuta na pasheni. Njiani wanyama saba wanamwibia moja moja, naye hana habari. Maneno hayasemi lolote kuhusu wizi. Picha ndizo zinazosema. Ndiyo maana mtoto asiyejua kusoma humtangulia mama yake kuucheka mchezo. Mwishoni mbuzi anaugonga mchenza, kikapu kinajaa machenza, na Akeyo anafurahi kuliko alivyotarajiwa.

Mzaliwa wa Unguja: Lubaina Himid

Huyu si mchoraji wa vitabu vya watoto, lakini orodha ya picha, Uingereza na Unguja ikimkosa yeye imekosa kichwa. Alizaliwa Zanzibar 1954. Baba yake alifariki kwa malaria angali mchanga, na mama, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner: mwanamke mweusi wa kwanza, na mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Ukomo wa miaka 50 ulikuwa umeondolewa mwaka huohuo. Kazi yake Naming the Money ya 2004 ina watu 100 wa kuchongwa na kupakwa rangi, kila mmoja na jina lake, na mwaka 2018 kanga zilimpa umbo la kazi alizoonyesha Gateshead.

Sungura wawili wa 1901

Tumalizie na vikongwe. Desemba 1901 Beatrix Potter, baada ya kukataliwa na wachapishaji, alilipia mwenyewe nakala 250 za hadithi ya sungura wake Peter. Leo zimeuzwa zaidi ya milioni 40. Mwaka huohuo, Chicago, kilitoka Zanzibar Tales cha George Bateman, chenye michoro ya Walter Bobbett na hadithi kumi za pwani hii. Sungura wetu na simba wamo, na yumo kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Hadithi za aina hiyo Askofu Edward Steere, aliyezikwa Mkunazini, alikwisha kuzichapa kwa Kiswahili London mwaka 1870.

Peter amechorwa na aliyemfuga sungura nyumbani. Sungura wetu alisafirishwa akachorwe ng'ambo ya bahari. Orodha hii imejaa mambo yetu: matunda, tarakimu, kanga, mamba. Wanaokosekana ni wachoraji wa hapa, na Tingatinga alikwisha kuonyesha kwamba rangi ya baiskeli inatosha kuanzia. Mwenye kalamu aanze na yule kima.