Kivuko Kisichorudi Kitupu

Mwaka 1941, mjini Oxford, Uingereza, palikuwa na askari polisi ambaye mkojo wake ulikuwa marufuku kumwagwa. Jina lake Albert Alexander. Usaha ulikuwa umemvamia usoni, jicho moja limekwisha kung'olewa, na madaktari walikuwa wakimdunga penisilini, dawa ngeni na adimu mno siku hizo. Akaanza kupata nafuu. Tatizo, wanangu, lilikuwa figo: dawa ikiingia tu, baada ya saa chache karibu yote imekwenda na mkojo. Basi mkojo ukakusanywa, ukapelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini ikatolewa humo, akadungwa tena ileile. Ikaisha vilevile. Mwezi Machi akafariki.

Swali likabaki: figo itazuiwaje isiitupe dawa mapema? Kama miaka kumi baadaye Wamarekani wakapata jibu, kidonge cha probenesidi. Kwa bahati, wakati huo penisilini ilikuwa imeshakuwa nyingi. Lakini kidonge kilikuwa na kioja chake: waliokimeza walikojoa asidi ya yuriki kwa wingi, na wenye jongo wakapata nafuu.

Asidi hiyo ni taka. Hutokana na seli zetu wenyewe zinapochakaa, na pia na vyakula kama maini na dagaa. Ng'ombe na mbwa wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Sisi na sokwe tulikipoteza zamani za kale. Ikizidi katika damu huweza kuganda kuwa fuwele zenye ncha kali ndani ya viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Hilo ndilo jongo. Shuka tu likikigusa kidole, mtu mzima hulia.

Sasa sikilizeni mambo ya figo. Huichuja damu, asidi ikatoka, kisha, ajabu, huirudisha sehemu kama tisa kati ya kumi! Anayeirudisha ni protini iliyo kwenye vijimirija vya figo, ambayo watafiti wa Japani waliitambulisha mwaka 2002 kwa jina la URAT1. Ni kama kivuko cha Likoni siku ya abiria wengi: hakivuki kitupu. Kikileta asidi ya yuriki kutoka upande wa mkojo, hurudi na mzigo mwingine. Probenesidi hukikwamisha kivuko, na asidi ikaenda zake na mkojo.

Dawa nyingine hukichochea. Mgonjwa wa kifua kikuu, miezi miwili ya mwanzo, kwa kawaida humeza dawa zenye pirazinamidi ndani yake. Mwili huigeuza kuwa asidi nyingine, nayo ndiyo abiria wa kwenda upande wa mkojo. Kila inaposhuka, kivuko hupakia asidi ya yuriki na kuirudisha. Kiwango hupanda katika damu, na wengine huumwa viungo. Hapo dawa haiachwi kienyeji; mgonjwa huwaeleza wahudumu wa kliniki, na wao hujua la kufanya.

Aspirini ndiyo kigeugeu. Ile kidogo ambayo babu hupewa kwa ajili ya moyo huizuia asidi isitoke. Dozi kubwa sana, ya gramu kadhaa kwa siku, hukikwamisha kivuko na kuitoa. Dawa moja, kazi mbili zinazopingana! Msiijaribu lakini, dozi hiyo ina madhara yake, tumbo likiwa la kwanza kulalamika.

Na presha? Vidonge vya kuongeza mkojo, kama haidroklorothiazidi na furosemidi, hutoa maji na chumvi, lakini asidi ya yuriki hubaki nyuma na kupanda. Losatani nayo ni ya presha, ila yenyewe huisukuma asidi itoke. Ndiyo maana mtu mwenye presha na jongo kwa pamoja anaweza kuona daktari anamwandikia losatani, ingawa jirani yake mwenye presha tu amepewa kidonge cha mkojo.