Kwa Nini Viumbe vya Ngitili Viorodheshwe

Wazee wa Shinyanga wanakumbuka ardhi iliyobaki wazi baada ya vichaka kufyekwa ili kuangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba kupanuliwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliorejea desturi ya Wasukuma ya ngitili: kutenga eneo la malisho, kulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi. Miti mingi haikupandwa, bali ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu waliochunguza ngitili hizo waliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, pamoja na aina 145 za ndege. Bila orodha hiyo, tungebaki kusema tu kwamba msitu umerudi.

Kazi hiyo hufanywaje? Ndani ya ngitili hupimwa vipande vidogo vyenye ukubwa sawa, na kila mti uliomo hutajwa na kupimwa unene wa shina. Mzee aijuaye miti hutaja jina la Kisukuma, na mtaalamu huandika la kisayansi. Kwa mfano, bushishi ni tunda la mkwaju, ambao wanasayansi kote duniani huuita Tamarindus indica. Mti usiotambulika hukatwa kitawi chenye majani na maua, kikakaushwa katikati ya magazeti ili kichunguzwe baadaye. Ndege huhesabiwa alfajiri kwa kuonwa na kusikilizwa. Wanyama hutambuliwa pia kwa nyayo na vinyesi.

Orodha hiyo ni kinga. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huhitaji magogo ya kushikilia kuta za maduara, na miji huhitaji mkaa. Miti migumu hukatwa kwanza. Hivyo ngitili yaweza kuonekana ya kijani kwa mbali, kumbe mpingo umekwisha. Asiyejua alichonacho hatajua alichopoteza. Ndiyo maana hesabu hurudiwa baada ya miaka kadhaa katika vipande vilevile.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviwezesha vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi, yenye mipango ya usimamizi. Mpango mzuri huanza na orodha. Kijiji kinachokusudia kuanza kazi hii kimwone Afisa Misitu kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.