Gari la spoti limefika nyumbani, kiti cha mtoto kimebaki Japani

Manyamanyama gari jipya halihitaji kutangazwa. Likishaacha barabara kuu ya Mwanza–Musoma na kuingia mitaani, watoto wanalikimbilia kabla dereva hajazima injini. Na kama ni Mark X, Crown Athlete, Altezza au Subaru yenye ule mngurumo wa bomba la nyuma, hata wazee waliokaa kivulini wanageuza shingo.

Tuelewane kwanza kuhusu neno “jipya”. Hapa Bunda, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi, gari jipya ni lile lililotoka bandarini Dar es Salaam wiki hii, hata kama limetembea Japani miaka 12. Mwenye nalo amelisubiri miezi, amelipa kodi iliyomtoa jasho, kisha ameliendesha zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi nyumbani. Ana haki ya kufurahi.

Siku za mwanzo zinajulikana zilivyo. Gari linaoshwa asubuhi na jioni. Majirani wanakuja kutoa hongera, soda zinafunguliwa, mchungaji au shehe anaombwa aje kuliombea. Wajomba na mashemeji wanataka kuzungushwa mpaka Bunda mjini na kurudi. Watoto wanajifunza kumwigiza yule mama wa Kijapani anayeongea kila gari linapowashwa, na ndani ya siku tatu wanamwigiza vizuri kuliko baba yao.

Katika shamrashamra hizo zote kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: mtoto atakaa wapi?

Jibu lililozoeleka linaonekana barabarani Jumapili yoyote. Mdogo kabisa yuko kwenye mapaja ya mama, kiti cha mbele. Mwenye miaka minne amesimama katikati ya viti viwili, mikono kwenye mabega ya wazazi, macho mbele, anamwambia baba aongeze spidi. Wengine watano wamebanana nyuma bila mkanda hata mmoja.

Huko gari lilikotoka isingekuwa hivyo. Japani inawataka madereva wawaweke watoto walio chini ya miaka sita kwenye viti maalumu vya gari, na sheria hiyo ilianza kutumika Aprili 2000. Ukipitisha vidole kwenye mwanya wa kiti cha nyuma, pale mgongo unapokutana na makalio, katika mengi ya magari haya utagusa vyuma viwili vidogo. Pembeni huwa kuna kitambaa kilichoandikwa ISOFIX. Wengi wetu hudhani ni sehemu ya fremu. Kumbe ni vishikizo vya kiti cha mtoto. Gari limevuka bahari na vishikizo vyake, redio yake na mama yake wa Kijapani. Kiti kimebaki kule.

Kwa nini mapaja ya mama hayatoshi? Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao wengi tunauita wa kutambaa, kisha likagonga kitu na kusimama ghafla, aliyemo bila kufungwa anaendelea mbele kwa mwendo uleule. Kwa mwili wake ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani jengo la ghorofa tatu. Kwa kilomita 100 kwa saa hali haiwi mbaya mara mbili tu, inakuwa mara nne. Mtoto wa kilo 10, unayembeba sokoni kwa mkono mmoja, wakati huo anavuta kama mzigo wa mamia ya kilo. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuushika. Kibaya zaidi, mama ambaye naye hajafunga mkanda anamfuata kwa nyuma na kumbana kwenye dashibodi.

Wapo mama wanaofunga mkanda mmoja kujizungushia wao na mtoto pamoja. Hii nayo ni hatari, kwa sababu uzito wote wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Halafu kuna mifuko ya hewa, ile yenye alama ya SRS kwenye usukani na mbele ya abiria. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda. Hufumuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto mchanga aliyepakatwa mbele yake. Kichanga aliye kwenye kiti kinachoangalia nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Watoto wote, mpaka karibu miaka 13, mahali pao ni nyuma.

Kwenye magari yetu haya ya mtumba lipo jambo jingine. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mifuko ya hewa ambayo baadaye iligundulika kwamba vifyatuzi vyake, vikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, vinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma ndani ya gari. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali, na mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, Toyota, Honda, Nissan na Subaru zikiwemo, yaliitwa kurudishwa yabadilishwe. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kubadilishiwa limekuja na tatizo lake. Chukua namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ya gari, uikague kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza au umpe wakala wake akuangalizie. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu hiyohiyo unayosomea makala haya.

Sasa kiti chenyewe. Kichanga na mtoto mdogo wanahitaji kiti kinachoangalia nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chao ni kizito kuliko shingo inavyoweza kuhimili. Gari likisimama ghafla, mgongo wa kiti ndio unaobeba kichwa na shingo pamoja. Akae hivyo angalau mpaka miaka miwili, au mpaka afikie kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye kiti. Baada ya hapo anageuzwa kuangalia mbele, akiwa amefungwa kwa mikanda ya kiti chenyewe inayopita mabegani, nyongani na katikati ya miguu. Akikizidi hicho, anahamia kwenye kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari umpite mahali sahihi: begani na si shingoni, kwenye nyonga na si tumboni. Mkanda ukikaa tumboni unaweza kupasua utumbo au ini, na kwa nje mtoto akaonekana mzima. Mtoto huweza kuacha kiti cha kumwinua akifika urefu wa takriban sentimita 145, na wengi hawafiki hapo kabla ya kumaliza darasa la nne au la tano.

Mama mjamzito naye afunge. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo.

Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sisi wazazi tunaogopa malaria, na ni sawa kuiogopa, tunamlaza mtoto kwenye chandarua kila usiku. Asubuhi tunamsimamisha katikati ya viti viwili vya gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 200.

Najua hoja ya kwanza ni bei. Viti hivi havipatikani kila duka Bunda, wengi huvifuata Mwanza au huagiza Dar es Salaam. Lakini mtu aliyenunua Mark X ndani ya mwezi wa kwanza mara nyingi hubadilisha rimu, huweka tinti na kufunga spika kubwa kwenye buti. Sizungumzii familia inayohesabu nauli ya bodaboda. Nazungumzia nyumba ambayo fedha ipo na imeenda kwenye rimu.

Viti vya mtumba vipo, na vinaweza kufaa kama utakuwa mkali. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye maandishi ECE R44 au R129, inayoonyesha kwamba kiti kilipimwa. Geuza chini uone tarehe ya kutengenezwa, na ya kuisha muda kama imeandikwa. Kiti chenye ufa, mkanda uliochanika au bakoli isiyobana, kiache. Kilichowahi kuwa kwenye ajali nacho kiache, ingawa muuzaji hatakuambia. Ukishakifunga, kitikise kwa nguvu pale mkanda unapopita. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, hakijafungwa.

Hatari ya siku za mwanzo haiko barabarani tu. Iko uani. Gari ambalo halikuwepo jana leo limeegeshwa pale watoto walipozoea kuchezea kombolela, na mtoto wa miaka miwili hajui kwamba hicho chuma cheusi kinatembea. Anajificha nyuma yake, anajiangalia sura kwenye rimu inayong’aa, anakaa kivulini upande wa buti. Magari ya aina hii yako chini na kioo chake cha nyuma ni chembamba, na ukiongeza tinti, mtoto aliyechuchumaa nyuma haonekani kabisa. Kamera ya nyuma inasaidia, ila mara nyingi lenzi yake imejaa vumbi. Kabla ya kurudi rivasi, mtu mzima ashuke, azunguke gari, kila mtoto awe ameshikwa mkono au yuko barazani anaonekana. Hesabuni vichwa. Itachukua nusu dakika, na baada ya wiki mbili itakuwa mazoea ya nyumba nzima.

Likiegeshwa, lifungwe, na ufunguo usiachwe mezani. Mtoto aliyezoea kuchezea ndani ya gari ipo siku ataingia peke yake na kushindwa kutoka. Joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa karibu nyuzi 10 katika dakika 10 za kwanza, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Gari jeusi, tinti na jua la saa saba mchana ni mchanganyiko mbaya sana. Kwenye ubavu wa mlango wa nyuma kuna kitasa kidogo cha kuzuia mtoto asifungue kwa ndani wakati gari linatembea. Kiwashe leo. Na karibu na mkono wa dereva kuna kitufe cha kuzuia vioo vya nyuma, nacho kibonyeze, maana kioo cha umeme hakijui kidole wala shingo.

Kuhusu mwendo, akina baba, nawaombeni kidogo. Mark X ya lita 2.5 ina silinda sita na nguvu karibu mara tatu ya Vitz ya lita moja, na kwa kawaida husukumwa na matairi ya nyuma. Aliyetoka kwenye Vitz, IST au pikipiki akikanyaga mafuta kwenye kona yenye changarawe au lami iliyoloa, nyuma ya gari inaweza kumtoka kabla hajajua kinachotokea. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi hiyo ni nzee hata kama kashata zake bado zimesimama.

Na barabara yetu ina wenyewe. Upande wa kusini kuelekea Lamadi inapita kando ya Hifadhi ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, na wanyama hawasubiri. Kwingineko ni ng’ombe jioni, wanafunzi asubuhi na baiskeli zenye mizigo wakati wowote. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Wiki za kwanza, wakati mguu wako haujalijua gari, peleka watoto mchana tu, bila haraka, na jaribio la kuona mshale unafika wapi lisifanyike wakiwa ndani. Ni afadhali lisifanyike kabisa, ila hilo nimeshaona halisikilizwi.

Ikitokea ajali, hata ndogo, mtoto apelekwe akaonwe, iwe hospitali ya Manyamanyama au nyingine iliyo karibu. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kusiko kwa kawaida, akidegedega, akitokwa damu au majimaji puani au masikioni, au akibaki na alama ya mkanda tumboni, usisubiri asubuhi. Kama analalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Kichwa, shingo na mwili vishikwe viwe kitu kimoja.

Siku ya kwenda kununua kiti, chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Viti vyenye lebo ya R44 vimegawanywa kwa kilo: mpaka 13 kwa wadogo kabisa, 9 hadi 18 kwa wanaofuata, 15 hadi 36 kwa wakubwa. Uzito wa mwezi huu umeandikwa kwenye kadi. Kama hujampeleka siku nyingi, mpeleke kwanza akapimwe uzito na urefu, halafu ndipo mwende dukani, yeye akiwa kiti cha nyuma.