Mtoto Mchanga Hujifunza kwa Kujibiwa: Malezi ya Nyumbani kabla ya Shule

Mzazi mwenye meza ya biashara katika Mtaa wa Msimbazi huanza siku kabla jua halijachomoza. Mtoto wake wa miezi sita hubebwa mgongoni kwa kanga hadi sokoni, au huachwa nyumbani na bibi au dada wa kazi. Kutwa nzima masikio ya mtoto huyo hujaa sauti: honi za bodaboda, vipaza sauti vya wauza nguo, mabishano ya bei. Ni rahisi kudhani kwamba mtoto aliyezungukwa na maneno mengi kiasi hicho hahitaji kufundishwa kusema. Hata hivyo, mtoto mchanga hujifunza lugha kutoka kwa mtu anayemtazama, anayemsemesha na kumjibu. Sauti zinazompita juu ya kichwa humfaa kidogo mno.

Jambo hili limepewa uzito katika mipango ya nchi. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto hadi umri wa miaka 8. Programu hiyo imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio, na ujifunzaji wa awali. Matatu ya kwanza wazazi wengi wanayafahamu. Mawili ya mwisho husahauliwa, ingawa hayana gharama yoyote ya fedha.

Malezi yenye mwitikio ni nini? Mtoto akiguna, mzazi humtazama na kumjibu kwa sauti. Kisha hunyamaza kidogo kumpa nafasi ya kuguna tena. Mtoto akikazia macho taa au paka, mzazi hukitaja kitu hicho kwa jina. Akilia, hupokewa na kubembelezwa. Kwa mazungumzo hayo mafupi, yanayorudiwa mara nyingi kila siku, ubongo wa mtoto hujenga njia zake za kusikia, kukumbuka na kutamka.

Kazi hiyo huanza mapema. Mtoto huizoea sauti ya mama tangu akiwa tumboni. Anapozaliwa huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani umbali uliopo kati ya macho yake na uso wa mama anayemnyonyesha. Kwa hiyo wakati wa kunyonyesha ni darasa lake la kwanza, na simu iliyo mkononi mwa mama humnyang'anya mwalimu. Kufikia miezi sita hufurahia kucheza kujificha nyuma ya kanga na kuibuka. Kufikia mwaka mmoja hupunga mkono wa kwaheri na huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kutamka.

Vifaa vya kumfundishia vimo jikoni: kikombe cha plastiki, kijiko cha mti, sufuria ndogo na mfuniko wake. Ahadhari ichukuliwe na vitu vinavyoweza kuingia chote mdomoni, kama vifungo, punje za karanga na sarafu, pamoja na mifuko ya plastiki. Betri ndogo bapa za saa na za wanasesere ni hatari kupita kiasi, kwani zikimezwa huunguza koo. Aliyemeza betri akimbizwe hospitali bila kungoja dalili. Aidha, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya televisheni wala simu.

Zamani sehemu kubwa ya malezi haya ilifanyika bila kupangwa. Nyumba za Kariakoo zilikuwa na ukumbi katikati na uani nyuma, na wapangaji wote walipika na kufua mahali pamoja. Mtoto alipita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na maneno yake. Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimepisha maghorofa, na mtoto hushinda chumbani na mtu mmoja. Mtu huyo asipomsemesha, hakuna jirani wa kuziba pengo.

Ugumu wa maisha nao haufichiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Mchuuzi hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo, na wengi hurudi kwenye biashara mapema. Kwa mzazi wa namna hii, la muhimu ni kumweleza anayebaki na mtoto kwamba kazi yake haiishii katika kuogesha na kulisha. Dada wa kazi aelezwe: msemeshe, mwimbie, mtajie unachokifanya unapopepeta mchele. Baba naye asisubiri mtoto akue ndipo azungumze naye. Kila mlezi atumie lugha anayoimudu, iwe Kiswahili, Kizaramo, Kichaga au Kigujarati. Lugha mbili ndani ya nyumba hazimchanganyi mtoto.

Kuna dalili ambazo hazipaswi kungojwa zipite zenyewe. Mpeleke mtoto kliniki ikiwa hajatabasamu akisemeshwa kufikia miezi mitatu, hageuki asikiapo sauti kufikia miezi sita, hatoi sauti za kubabia wala hapungi mkono kufikia mwaka mmoja, au amepoteza uwezo aliokuwa nao. Huenda tatizo likawa la masikio, na kuligundua mapema hubadili mengi. Mahudhurio ya chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14, na ya miezi 9 na 18, ni nafasi nzuri ya kumwuliza mhudumu kuhusu makuzi, pamoja na uzito. Kwa sera ya nchi, watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma.

Mzazi anayetafuta kituo cha kulelea watoto mchana aombe kuoneshwa cheti cha usajili. Ofisi ya Mtendaji wa Kata itamwelekeza kwa Afisa Ustawi wa Jamii kwa ushauri zaidi.

Siku mtoto atakapoketi katika darasa la awali, mwalimu atamkuta ama amezoea kuuliza na kusikilizwa, ama amezoea kunyamaza. Mazoea hayo huanza kujengwa leo, mara mzazi anapofunga meza yake, akarudi nyumbani na kumjibu mtoto anayemgunia mlangoni.