Nyumba isafiri au ilale? Kesi ya bao iliyonishinda likizoni

Likizo ya Juni tuliwapeleka watoto kwa babu yao, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Siku ya tatu nikasikia kelele chini ya mwembe. Kijana wangu wa miaka 12 na binti wa shemeji yangu, miaka 9, walikuwa wamechimba mashimo 32 ardhini wakicheza bao kwa kokoto. Mmoja analia, mwingine ameshika kokoto mkononi, haachii.

Nikafanya kile ambacho wazazi wengi tunafanya. Nilimwambia mdogo anyamaze, amwache kaka yake amalize. Binti akaondoka. Jioni ile hakurudi kucheza, wala kesho yake.

Babu yao, au Guku kama wanavyomwita kwa Kisukuma, akaniambia taratibu kwamba nimehukumu kesi nisiyoijua. Ni kweli. Kwetu bao, au isolo, lilikuwa la wanaume chini ya mti. Sisi wasichana tulipita tu na ndoo za maji. Nikamwomba anifundishe, maana nilikuwa nimemwonea mtoto bila kujua kosa lenyewe ni lipi.

Mzazi mwenzangu, kesi ilikuwa hivi. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana mashimo 16, safu mbili za manane. Kete zote ni 64. Mnapoanza, kila mtu anaweka 6 kwenye shimo linaloitwa nyumba, lile la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, kisha 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zinazobaki 22 anazishika, anaingiza moja kila zamu.

Sasa umekula, unasambaza, na kete ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yako mwenyewe. Kama shimo la mpinzani lililo mbele yake lina kete, huna la kuchagua, unakula. Kama ni tupu, hapo uamuzi ni wako. Unaweza kulala, yaani zamu iishie hapo na nyumba ibaki na akiba yake. Au unaweza kusafiri: unazoa kete zote za nyumba na kuzisambaza mbele. Ukisafiri unaweza kula tena na tena, lakini nyumba imevunjika. Ukilala, akiba inakua, ila mpinzani naye anaitolea macho, na akiipata anaibeba yote.

Kijana wangu alizoa kokoto za nyumba, akazihesabu kiganjani, akaona zitaishia pabaya, akazirudisha. "Nalala," akasema. Binti akamjibu kwamba aliyezoa amekwisha kusafiri. Nami nikamnyamazisha yeye!

Guku hakutoa hotuba. Aliwaita wote wawili akawauliza: kabla hamjaanza, mlikubaliana mkono ukigusa inakuwaje? Hawakukubaliana. Basi kwake sheria ni moja, akasema: kuhesabu ni kwa macho, na mkono ukigusa kete za nyumba, nyumba imesafiri. Tena anayelala aseme kwa sauti, mwenzake asikie. Binti akauliza, je, mtu akikaa anafikiri mpaka jua lizame? Wakapatana kuhesabu polepole hadi 20.

Ugomvi huu si wa bao peke yake. Marekani kuna mchezo wa mezani wa kampuni ya Tudor, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940: ubao wa bati unatetemeka kwa umeme, na wachezaji wadogo wa plastiki wanasogea juu yake kwa mtetemo huo. Ni mpira wao wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi. Ndani yake kuna mbinu ya kuchagua: mwenye mpira anakimbia nao mwenyewe, au anampa mwenzake? Vikaragosi havina akili, kwa hiyo anayeamua ni mtu mwenye swichi, na swali ni lilelile la pale mwembeni: asiporuhusiwa kubadili, ni kuanzia lini? Ndiyo maana wanaocheza kwa ligi huandika kanuni zao mapema.

Nilichojifunza mimi ni kwamba mkubwa hufaidika sana pale sheria inapokosekana. Mwenye miaka 12 ana maneno mengi kuliko mwenye miaka 9, na mama mwenye haraka ya kugeuza ugali humsikiliza mwenye maneno. Kama kwenu bao kamili ni gumu, anzeni na bao la kujifunza, kete 2 kila shimo. Lakini hata hilo mwulizeni mtoto mdogo kwanza, mbele ya mkubwa: ukigusa, inakuwaje?

Nilimfuata binti jikoni nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe, ulikuwa na haki." Akanitazama. "Mama mkubwa, na wewe utakuwepo kuangalia?" Nikasema nitakuwepo.

Tukarudi mwembeni. Zamu yake ya sita hivi, kokoto ya mwisho ikaangukia nyumbani. Mkono ukaning'inia juu ya shimo, midomo ikihesabu. "Nalala!" Kaka yake akasubiri zamu mbili, akaila nyumba nzima.

Binti akakunja uso, akakusanya kokoto zote, akaanza kupanga upya: sita, mbili, mbili.