Povu Linalofichua Mlango wa Maji

Harufu ya siki ilinifikia kabla sijaiona karavani yenyewe. Ilikuwa chini ya mwembe katika karakana moja ya Matulo, kando ya Webuye: chumba cha kuvutwa na gari, bati la alumini lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao, ambamo wachimbaji wa visima hulala wanapofanya kazi mbali na kwao. Siku iliyotangulia mtu alikuwa ameipaka silikoni mpya kwenye maungio ya paa. Mvua ya alasiri ilipokuja, maji yalidondoka palepale yalipozoea kudondoka, juu ya kitanda.

Fundi aliyeitwa kuokoa hali hakupanda juu. Alinusa kwanza. Silikoni inayonuka siki, alinieleza, hutoa asidi inapokauka. Kwenye kioo na vigae inafaa sana. Kwenye bati, asidi hiyo hula zinki, na alumini nayo haisalimiki. Kibaya zaidi, ilikuwa imepakwa juu ya silikoni kuukuu, na silikoni mpya haishikani na ile iliyokwisha kukauka. Aliingiza ukucha chini ya mstari ule mweupe, akauvuta, nao ukatoka wote mzimamzima kama ganda la ndizi.

Nilidhani sasa atatafuta tundu juu ya kitanda. Hapo ndipo aliponirekebisha, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi. Maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Huingia kwenye tundu la skrubu pembeni, yakafuata ubao wa dari hadi yapate mahali pa kuachia. Ufa mwembamba huweza hata kuyafyonza yakapanda.

Kinachomwonyesha mlango wa maji ni upepo na sabuni. Aliondoa kidirisha kimoja, akaziba nafasi yake kwa kipande cha plaiwudi chenye tundu, na kwenye tundu hilo akafunga feni ya kupulizia makaa, ile ile wahunzi wanayoitumia. Mlango akaufunga, matundu ya hewa akayabandika utepe. Feni ilipoanza kunguruma, karavani ilijaa hewa isiyo na pa kutokea ila penye udhaifu. Kisha akachukua ndoo ya maji ya sabuni na brashi laini, akaanza kupaka maungio kutoka chini kwenda juu, taratibu, shubiri moja baada ya nyingine.

Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu, kwenye kona ya mbele, mbali kabisa na kitanda, povu lilianza kuota. Viputo vidogo vilijipanga chini ya ukanda wa alumini unaofunika mshono, vikavimba, vikapasuka, vikazaliwa tena. Fundi alichora alama kwa chaki. Kiputo kikubwa kinachopasuka haraka ni tundu la skrubu, alisema. Povu jembamba lisilokoma ni mshono ulioachia. Alama ziliongezeka kwenye taa za nyuma, kwenye ngazi, kwenye fremu ya dirisha. Paa ambalo kila mtu alilishuku halikutoa hata kiputo.

Nililiangalia povu lile kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ni nadra kuona ugonjwa uliojificha ukijitaja wenyewe bila mtu kubomoa chochote.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuondoa, na ndiyo iliyochukua muda mwingi. Ukanda ulifunguliwa skrubu moja moja. Skrubu za chuma zilizokaa ndani ya alumini kwenye unyevu zilikuwa zimeacha unga mweupe, alumini iliyoliwa. Nyuma ya ukanda, mbao zilikuwa laini kiasi cha kupokea kidole. Alizikata zilizooza, akaziacha nyingine zikauke juani, kwa kuwa kuziba juu ya mbao mbichi ni kuyafungia maji ndani. Hapo alilalamikia msimu. Kazi hii, kwake, ni ya Januari na Februari, lakini wateja huja mvua ikishaanza.

Chini ya ukanda aliweka utepe wa butili, mpira unaonata ambao haukauki ukawa mgumu. Sababu yake ni joto. Alumini ya mita 5 hurefuka kwa zaidi ya milimita 3 joto lake likipanda kwa digrii 30, na mbao iliyo chini yake haiifuati. Gundi ngumu hupasuka katika mvutano huo wa kila siku. Juu alimalizia kwa poliurethani. Kwenye dirisha aliziba juu na pembeni tu. Chini aliacha wazi, ili maji yatakayopenya siku moja yapate njia ya kutoka.

Mwenye karavani, ambaye fundi alimwita mzee muda wote, aliitazama chaki, akaitazama kona iliyofunguliwa, kisha akauliza ingekuwa bei gani kama angepaka juu tu. Sikumwona kama mtu bahili. Tubu moja ya silikoni anaijua bei yake; siku za kukwangua hazina bei inayoonekana dukani. Fundi alikataa kupaka juu tu. Lakini alikiri kwamba wengine wamewahi kumwambia hivyo hivyo, na kuna miezi ambayo alikubali, kwa sababu karo ya watoto haingoji Januari.

Je, muuzaji wa hadiwea anawajibika kumwambia mteja kuwa tubu anayonunua haifai bati? Na wale wachimbaji waliolala misimu kadhaa chini ya mbao zenye ukungu, ni nani kati ya wote hawa aliyewauliza kama wanakohoa? Fundi hakuwa na jibu. Aliniomba nimshikie ncha ya ukanda, akarudisha skrubu ya kwanza.